Frimasoni wa Ripon na zile namba za kwenye nguzo

Habari zenu huko nyumbani. Wazee, shikamooni. Leo nimekuja Ripon, mji mdogo wa Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Sanamu hii nyuma yangu ni ya George Robinson, Markwizi wa Ripon, yaani bwana mwenye cheo cha juu cha kikabaila. Alikuwa Frimasoni, tena si wa kawaida: mwaka 1870 alikuwa Mkuu wao wa Uingereza nzima.

Nimemfuata kwa sababu ya zile namba za simu zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme, eti jiunge na Frimasoni upate utajiri. Ndugu yangu mmoja alituma hela ya kiingilio, ikaliwa. Iliniuma sana.

Sasa sikilizeni. Huyu bwana utajiri aliukuta nyumbani. Alizaliwa 1827, Downing Street namba 10, baba yake akiwa Waziri Mkuu. Mwaka 1859 baba akafariki, baba mkubwa naye akafariki, akarithi vyeo na ardhi za wote wawili.

Mwaka 1874 akawa Mkatoliki. Kanisa linakataza waumini wake kuwa Frimasoni, kwa hiyo akajiuzulu. Watu husema ukitoka Frimasoni utafuatwa usiku; yeye hakuna kilichomfuata, jamani! Aliishi karibu miaka 35 zaidi, akafa mzee mwaka 1909.

Tena kazi yake kubwa ilikuja baada ya kutoka. Mwaka 1880 alipelekwa India kuitawala kwa niaba ya Malkia Victoria. Akafuta sheria iliyoyabana magazeti ya lugha za wenyeji. Akaanzisha mpango wa mabaraza ya miji na wilaya yenye wajumbe wa kuchaguliwa na wenyeji. Mwaka 1883 ukaja muswada wa kumruhusu hakimu Mhindi kumhukumu Mzungu; Waingereza wa kule wakachachamaa, naye akakubali upunguzwe makali. Hapo mimi simsifu, alirudi nyuma. Hata hivyo, alipoondoka mwaka 1884 Wahindi walifurika barabarani kumuaga.

Ndugu zangu wa Uganda, jina lake mnalijua. Speke, mvumbuzi Mwingereza, alipofika pale Nile inapotoka Ziwa Victoria, Julai 1862, aliyaita maporomoko yale Ripon, maana huyu bwana alikuwa rais wa Chama cha Kijiografia cha London safari ilipokuwa ikiandaliwa. Wenyeji walishapaita kwa jina la mawe, ndilo likabaki kuwa la mji: Jinja. Maporomoko yenyewe yamefunikwa na maji tangu bwawa la Owen Falls likamilike mwaka 1954.

Aliye Jinja anirekodie pale mto unapoanzia, nami nitaiunganisha na video hii.