Jinsi ya Kuchagua Kichwa cha Risasi na Baruti za Magnum, .357 na .44

Haya watu wangu, karibuni tena mezani. Leo hatujazi risasi hata moja, yaani hatuziundi wenyewe kwa ganda, baruti na kichwa, leo tunachagua tu, kwa sababu naona maswali mengi ya watu wanaouliza "baruti gani kali kuliko zote", na hilo swali linaanzia nyuma. Unaanza na kazi, kazi inakupa kichwa cha risasi, kichwa ndicho kinakupa baruti. Ukigeuza huo mpangilio utanunua kikopo cha baruti halafu kitakaa kabatini.

Kabla sijaendelea. Hii ni kwa ninyi mlioko Marekani, ambako mtu anaruhusiwa kujaza risasi zake mwenyewe za kutumia yeye, sio za kuuza, ukitaka kuuza hiyo ni leseni nyingine kabisa. Na angalia sheria za jimbo lako pia. Ndugu zangu mlioko Kenya na Tanzania tazameni kwa kujifunza tu, huko kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, tafadhali msijaribu.

Sawa. Hatua ya kwanza, jiulize unafyatua nini na kwa bunduki gani. Hapa nina rivolva mbili za magnum, yaani za risasi zenye nguvu kubwa, hii ndogo ni .357 Magnum, ilitoka 1935, hii kubwa ni .44 Magnum, hii ilikuja mwishoni mwa 1955. Kazi za kawaida ni tatu: kulenga karatasi uwanjani, kuwinda paa, na kubeba porini kwenye dubu. Ya karatasi haihitaji nguvu kamili, hata kidogo, na wengi wenu mkijisema ukweli asilimia kubwa ya risasi zenu zinaishia kwenye karatasi, kwa hiyo mbona unataka kuumiza mkono na chuma kila jumamosi?

Hatua ya pili, uzito wa kichwa. Uzito tunaupima kwa greini, ratili moja ni greini 7000. Kwa .357 kichwa cha kawaida ni greini 158, kwa .44 ni greini 240, na kama hujui uanzie wapi anzia hapo hapo, vipimo vyake viko kila mahali na rivolva nyingi zimesetiwa saiti zake, vile vya kulengea, kwa uzito huo. Vichwa vyepesi, kwa mfano greini 125 kwenye .357, vinaenda mbio na watu wanavipenda, lakini vikijazwa nguvu kamili vinakula chuma. Sogea uone hapa, huu mdomo wa nyuma wa mtutu, pale kichwa kinapoingia kikitoka kwenye silinda. Zile rivolva za .357 za Smith & Wesson Model 19 za zamani sehemu hii kwa chini imechongwa bapa ili silinda ifunge, chuma pale ni chembamba, na zilizolishwa greini 125 za moto kwa wingi nyingine zikapasuka hapo hapo. Hiyo ni bunduki nzuri, usiiue. Kama unayo, ilishe greini 158 na itakaa na wajukuu.

Hatua ya tatu, kichwa kimetengenezwa na nini. Hivi vyekundu vimevalishwa kopa, yaani shaba, hivi vya kijivu ni madini ya risasi matupu yaliyomiminwa kwenye kalibu. Vya kopa ni vya nguvu kamili na vya kuwinda, vile vyenye shimo mbele vinapanuka ndani ya mnyama, safi kwa paa. Ila vya kopa usivitumie kwa risasi dhaifu sana, kopa inasuguana na mtutu kuliko madini laini, na nguvu ikiwa ndogo kichwa kinaweza kukwama katikati ya mtutu. Ukifyatua nyingine nyuma yake mtutu unapasuka, basi. Kwa hiyo risasi za taratibu, tumia vya kumiminwa.

Na hivi vya kumiminwa watu wanavionea, wanasema vinachafua mtutu na madini. Vinachafua pale saizi inapokuwa ndogo! Moto unapita pembeni unayeyusha kichwa. Chukua kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, upime, kwenye .357 cha kopa ni inchi .357 na cha kumiminwa tunataka .358. Kwenye .44 jina linadanganya, kipimo halisi ni .429 kwa kopa na .430 kwa kumiminwa. Halafu pima matundu ya silinda kwa mbele, kichwa kinatakiwa kipite kwa kusukuma kidogo na kidole, kikidondoka chenyewe ni chembamba. Hiki kipimo ndicho cha muhimu kuliko ugumu wa madini ambao kila mtu anaubishania.

Kingine, tazama huu mfereji unaozunguka kichwa. Ndipo mdomo wa ganda unapokunjwa kukikaba. Magnum inapiga teke, na hilo teke linavuta vichwa vya risasi zilizobaki kwenye silinda vitoke mbele, kikitoka kidogo tu silinda haizunguki tena, na kama uko mbele ya dubu hiyo ni shida. Kichwa kisicho na mfereji kwa magnum ya nguvu kamili mimi sikinunui, hata kikiwa cha bei rahisi.

Na kama una raifo ya leva ya .357 au .44, hii yenye bomba la risasi chini ya mtutu, chukua vichwa bapa tu mbele. Kwenye bomba kila kichwa kinagusa praima, kile kiwashio kilicho kwenye kitako cha ganda, ya risasi iliyo mbele yake, chenye ncha kali kinaweza kuilipua.

Sasa ndio tunafika kwenye baruti, hatua ya nne. Nimeweka vikopo vimefungwa, na hapa nawaonyesha tu, siku ya kujaza kinakaa kikopo kimoja mezani, kimoja tu, ukichanganya baruti mbili huwezi kujua tena una nini.

Baruti za bastola zinatofautiana kwa kasi ya kuungua. Ya haraka kama Bullseye, kiasi kidogo tu kinatosha, ni rahisi kwa bei na nzuri kwa karatasi. Hatari yake iko hapa: ganda la magnum ni refu, kile kiasi kidogo kinakaa chini kabisa, ukiteleza ukaweka mara mbili ganda bado linaonekana halijajaa, na huo mzigo mara mbili unavunja bunduki. Kwa hiyo ukitumia ya haraka, panga maganda yote kwenye kibao, washa taa, chungulia moja moja kabla ya kuweka kichwa hata kimoja. Ya kati ni kama Unique, inaenda vizuri na vichwa vya kumiminwa kwa mwendo wa wastani. Na ya taratibu ndio ya magnum kamili, 2400, na H110. Hizi zinajaza ganda, ukiweka mara mbili inamwagika unaona, na mimi kwa mtu anayeanza hiyo sababu peke yake inanitosha.

2400 ina heshima yake, ndiyo Elmer Keith, mwandishi maarufu wa bunduki wa Marekani, alikuwa akiisukuma kwenye .44 Special na vichwa vizito vya kumiminwa miaka mingi kabla ya .44 Magnum kuzaliwa, na uzuri wake unaweza kushuka nayo kidogo bila vurugu. H110 haitaki hivyo. H110 na W296 ni baruti ile ile kwa majina mawili, inatoa mwendo mkubwa sana na kichwa kizito, lakini inataka presha, inataka praima ya magnum, inataka ganda likabwe vizuri. Hodgdon wanaoiuza wanasema usiipunguze zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo cha juu. Ukiipunguza ukidhani unakuwa mwangalifu, inaweza kuwaka nusu na kichwa kikabaki kwenye mtutu. Kwa hiyo unataka risasi laini? Badilisha baruti, usipunguze H110.

Hatua ya tano, namba. Namba za greini ngapi sizisemi kwenye video, kwa makusudi, kwa sababu mtu anasikia vibaya, au anakumbuka nusu. Hodgdon na Alliant, makampuni ya baruti, wanatoa vipimo vyao bure, tafuta mstari wenye kichwa chako hasa, uzito ule ule na aina ile ile, maana greini 158 ya kopa na greini 158 ya kumiminwa ni vitu viwili. Anzia kipimo cha chini kilichoandikwa, isipokuwa H110 kama nilivyosema, panda polepole, ukiona maganda yanagoma kutoka kwenye silinda au praima zimebapatika, shuka. Praima tumia iliyoandikwa pale, ukibadilisha unaanza upya kutoka chini. Kiwango cha juu cha presha kwa .357 ni 35,000 psi, yaani ratili kwa inchi ya mraba, na .44 ni 36,000, wakati .38 Special, ndugu dhaifu wa .357 mwenye ganda fupi kidogo, ni 17,000 tu, kwa hiyo namba za magnum zisiingie kamwe kwenye ganda la .38.

Mwisho, kibandiko. Kila boksi andika kichwa, uzito, baruti, kiasi, praima na tarehe. Risasi isiyo na kibandiko hapa kwangu haifyatuliwi, inavunjwa. Halafu nawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa chakula, yale ni madini ya sumu, na watoto wasichezee hii meza. Wiki ijayo tunachukua hii .44 na vichwa vya greini 240 vya kumiminwa, tunajaza na 2400 hatua kwa hatua, njooni na vitabu vyenu vya vipimo tusome pamoja.