Rangi ya Nje na Adui Aliye Chini Yake

NEEMA: Karibuni tena. Leo tuko nje ya nyumba: vijia vya zege, ngazi na sakafu za mbao. Kaka Salim, swali linalojirudia ni hili: nipake rangi gani isibanduke?

SALIM: Swali limeanzia mwisho, dada. Watu wanalaumu viatu, kumbe mara nyingi ni maji yanayotoka chini. Zege linanyonya unyevu ardhini, jua likiwaka unyevu unapanda, unakuta rangi imeziba njia, unaisukuma. Ndiyo yale malengelenge.

NEEMA: Hata rangi ya bei mbaya?

SALIM: Inavimba vilevile. Chukua kipande cha nailoni, sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa selotepu pande zote nne, pasibaki upenyo. Kiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikibandua ukakuta matone kwa ndani, au zege limekoza, brashi weka kando.

NEEMA: Na zege jipya?

SALIM: Siku 28 kwanza. Fundi anayesema wiki moja inatosha ana haraka ya kwenda kazi nyingine.

NEEMA: (anacheka) Mafundi wanatusikiliza, ujue.

SALIM: Wasikilize tu. Halafu limwagie zege maji kidogo. Yakinywewa upesi, sawa. Yakisimama matone matone, rangi haina pa kushika. Hapo ni msasa wa mashine, au tindikali iliyozimuliwa.

NEEMA: Hiyo tindikali ndiyo inanitisha.

SALIM: Na iendelee kukutisha! Glavu, miwani, na tindikali ndiyo inamiminwa kwenye maji. Ukifanya kinyume inachemka ghafla na kukurukia usoni. Ukimaliza, suuza mpaka uchoke, uache pakauke kabisa.

NEEMA: Tuje kwenye ngazi. Zikipakwa rangi, mvua ikinyesha mimi sizikanyagi.

SALIM: Una haki. Kwenye mkono wa mwisho, yaani tabaka la mwisho la rangi, changanya mchanga laini wa silika, na ukoroge kila mara maana unatuama chini ya kopo. Ukingo wa kidato ndio unaolika kwanza, uongezee mkono mmoja. Halafu paka kidato kimoja, ruka kimoja, wenye nyumba wapate pa kupita. Vilivyobaki, kesho.

NEEMA: Mikono yenyewe mingapi?

SALIM: Praima, ile rangi ya kwanza ya kushikisha, kisha miwili myembamba. Mmoja mzito hukauka juu, chini ukabaki mbichi.

NEEMA: Epoksi je, ile rangi ya kuchanganya makopo mawili? Inasifiwa sana.

SALIM: Ngumu kweli, ila jua huigeuza njano na kuifanya itoe unga. Gerejini, sawa.

NEEMA: Mbao?

SALIM: Hapo nitakuudhi. Sakafu ya mbao ya nje nisingeipaka rangi kabisa. Mbao hutanuka na kusinyaa, rangi inapasuka. Maji yanaingilia kwenye nyufa, kwenye matundu ya misumari, kwenye ncha zilizokatwa, na yakishaingia hayana pa kutokea. Mbao inaoza huku juu inang'aa. Tumia mafuta ya mbao yenye rangi, yale yanayozama ndani. Yatapauka, lakini hayabanduki magamba. Siku ya kurudia unasafisha na kupaka tena.

NEEMA: Na viti virudi lini?

SALIM: Kutembea juu yake, saa 24 kwa rangi nyingi. Viti na vyungu vya maua, siku kadhaa, soma kopo. Mkeka wa mpira usiuweke mapema, utaondoka na rangi yako.