Jinsi ya kuchemsha mayai mengi kwa mpigo na kuyatunza, kwa sisi wa Mwanza

Mambo wapendwa, karibuni sana jikoni. Leo nachemsha nusu trei, mayai 15 kwa mpigo mmoja, alafu nawaonyesha namna ya kuyatunza yakae siku kadhaa ili asubuhi ukiwa unagombania daladala ya Buhongwa au watoto wanatakiwa shuleni mapema kazi iwe kumenya na kula tu. Kuchemsha yai kila mtu anajua, mimi leo naomba mniangalie zaidi nikishaepua, maana yai linaharibikia kwenye kupoza na kutunza na huko ndo watu wengi wanaharakisha.

Tuanze na mayai yenyewe. Haya ni ya kisasa, nimeyanunua Kirumba na nimeyaacha nyumbani karibu wiki makusudi kabisa, kwa sababu yai lililotagwa jana ukilichemsha linakusumbua kumenya, ganda linatoka na nyama yake. Yai jipya ute wake una hewa ya kaboni dayoksaidi nyingi, ile hewa inatoka taratibu kwenye vitundu vidogo vya ganda, na kadri inavyotoka ute unaacha kung'ang'ania ule utando wa ndani. Kwahiyo ukitoka sokoni na trei mbichi kabisa kaanga hayo, ya kuchemsha subiri kidogo.

Haya, pima. Bakuli la maji, tumbukiza moja moja. Likilala chini ni jipya, likisimama wima limekaa kaa ila linafaa na tena litamenyeka vizuri. Likielea juu mimi siliweki kabisa kwenye ya kutunza, lipasue pembeni ulinuse, kama ni viza utajua hapo hapo. Lenye ufa pia weka pembeni. Na yenye uchafu wa kuku osha sasa hivi kabla ya kuchemsha alafu nawa mikono na sabuni, ganda la yai bichi linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela na usipeleke mkono huo kwenye kachumbari.

Sasa maji yako jikoni, yanatokota. Mimi naweka mayai kwenye maji ambayo yameshachemka, siyaanzishi kwenye maji baridi, yakipata moto wa ghafla ute unashikana haraka na hauungani na utando, hiyo nayo inasaidia kumenya. Shusha na kijiko, taratibu, unaona hivi, usidondoshe. Maji yayafunike yote. Tia chumvi kijiko kimoja na siki kidogo kama unayo, likipasuka moja ute unaganda pale pale kwenye ufa hausambai sufuria nzima. Punguza moto, yatokote kwa upole, kama unatumia mkaa toa makaa mawili matatu.

Muda. Hapa nisikilizeni vizuri wa Mwanza. Ukifuata maelekezo ya mtu wa Dar au wa nje anakwambia dakika 10 au 11, sisi huku ziwa lenyewe liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 96 hivi badala ya 100. Yanatokota kweli lakini hayana moto ule wa pwani. Kwahiyo ongeza. Mimi haya ya kisasa nayapa dakika 13, ya kienyeji kwa vile ni madogo 11 zinatosha. Weka taima ya simu, usikadirie. Na kwa mayai ya kutunza kiini kiive chote mpaka katikati, lile la kiini laini ni tamu sana lakini hilo ni la kula saa hiyo hiyo, siyo la kuweka. Ukizidisha muda sana kiini kinazungukwa na kijani fulani hivi ya kijivu, ni madini ya chuma ya kwenye kiini yamekutana na salfa ya kwenye ute, halidhuru ila linakuwa kavu na linanuka nuka.

Haya taima imelia. Epua, mwaga maji ya moto yote, na papo hapo kwenye maji ya baridi. Hapa ndo pa kuwa makini jamani. Yai likiwa linapoa linajikunja kidogo kwa ndani na linavuta maji kupitia vile vitundu vya ganda, yaani maji unayopozea yanaingia ndani ya yai. Kwahiyo yasiwe maji ya ziwani, najua kwa wanaokaa Igombe au visiwani ndo maji yaliyo karibu, yachemshe kwanza yapoe. Na barafu ya mwaloni iliyolaza samaki usiitumie hata kama umepewa bure. Mimi nafanya hivi, chupa ya maji nimeigandisha kwenye friza tangu jana, naitumbukiza nzima na mfuniko wake katikati ya beseni, inapoza na haichanganyiki na kitu, kesho narudisha kwenye friza. Yakae humo dakika 15, ukilishika lisiwe na joto hata kidogo.

Alafu yafute. Kitambaa safi, moja moja, yakauke. Yai la kuchemsha linaharibika haraka kuliko bichi, wengi hawaamini hili, lakini yai bichi lina utando mwembamba juu ya ganda unaoziba vile vitundu, na ukilichemsha ule utando unatoka. Limebaki wazi. Ndo maana bichi linakaa wiki kadhaa kwenye friji na hili ni siku saba, hazizidi.

Usimenye sasa. Acha na ganda lake, ganda ndo koti lake. Andika tarehe juu kwa penseli, hivi, ili yasichanganyike na mabichi. Weka kwenye kontena lenye mfuniko, na kwenye friji ingiza ndani kabisa kwenye shelfu, achana na pale mlangoni hata kama wamekutengenezea vishimo vya mayai, mlango unafunguliwa kila saa na joto linapanda. Na friji zetu tunazijua, kuna sato humo, kuna sangara wa mama mkwe, kwahiyo mayai yakae juu na samaki wakae chini kwenye chombo chao, maji ya samaki yakidondokea kwenye mayai umeharibu vyote. Umeme ukikata usifungue fungue, friji iliyofungwa inashika ubaridi kama masaa manne.

Wadogo zangu wa geto, wa Malimbe na kwingine, wasio na friji. Chemsha ya leo tu. Yai lililochemshwa likae nje masaa mawili, siyo zaidi, kwahiyo la mchana chemsha mchana, na usilichukue lililolala mezani usiku ukasema halinuki, vijidudu vingine havitoi harufu. Ukiwa na jiko la gesi mayai mawili hayamalizi mtungi. Na mtoto anayebeba yai kwenye begi la shule alile mapumziko ya kwanza, likirudi nyumbani jioni litupwe.

Kumenya, haraka. Gonga upande ule mnene ambako kuna kile chumba cha hewa, liviringishe mezani ganda livunjike vunjike lote, alafu menya ndani ya bakuli la maji. Linateleza lenyewe. Unaona.

Kulila sasa. Asubuhi kata vipande na viazi vitamu na chai, ndimu na pilipili juu, umeondoka. Ukitaka liwe la moto liache na ganda kwenye maji ya moto dakika tano, kwenye maikrowevu usiweke yai zima maana linalipuka. Na kuna zile siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa hawaingii kwa sababu taa zao zinahitaji giza, dagaa wabichi wanakuwa adimu na mboga inakosekana, hapo mayai ya friji yanaokoa nyumba nzima.

Mchuzi wake ni huu. Kaanga kitunguu kikubwa mpaka kiwe rangi ya dhahabu, tia kitunguu saumu na tangawizi, binzari manjano nusu kijiko, nyanya nne zilizosagwa, acha zikaange mpaka mafuta yaanze kujitenga, usiharakishe hapa nyanya mbichi inaharibu kila kitu. Karoti na hoho. Maji nusu kikombe. Mayai menya, yachanje kwa kisu mistari mitatu pembeni isifike kwenye kiini, yatumbukize, funika dakika nne tu maana yameshaiva. Hiyo mistari ndo inaingiza viungo ndani, yai lisilochanjwa linakula mchuzi kwa nje na ndani linabaki halina ladha. Chumvi onja mwishoni, na kama ni kwa ugali acha mchuzi uwe mwingi kidogo, kwa wali ukaushe. Ukibaki uweke kwenye friji ukishapoa na umalize kesho yake, zile siku saba ni za yai lenye ganda peke yake.