Bajeti ya Kaskazi, Deni la Kusi

Mhadhara uliotolewa katika ukumbi wa madrasa, mtaa wa Langoni, Lamu, baada ya swala ya alasiri

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama mlangoni, ingieni, nafasi ipo.

Sitawaeleza deni ni kitu gani, hakuna hapa asiyelijua. Wala sitawatisha kwa akhera, kazi hiyo masheikh wetu wanaifanya vizuri kila Ijumaa. Nimekuja na jambo moja, lile lile ninalolisema kila nikipewa nafasi, na nitazidi kulisema mpaka lishike: sisi watu wa Lamu tunapata kwa msimu lakini tunatumia kwa mazoea. Hapo katikati ndipo deni linapoingia.

Mafunzo ya bajeti tunayoyasikia redioni ni ya mtu mwenye mshahara. Gawa mshahara wako wa mwezi, weka hiki kodi, weka hiki chakula. Mshahara upi? Mvuvi wa Kizingitini ana mshahara? Mwenye mashua anayebeba wageni Shela ana mshahara? Mwenye punda anayepandisha matumbawe na saruji kutoka ufukoni, ujenzi ukisimama naye amesimama. Mtu kama huyu ukimpa bajeti ya mwezi umempa nguo ya mtu mwingine. Januari atasema imemtosha na kubaki, Juni atasema imepasuka.

Na kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, haijatuvizia hata siku moja. Babu zetu walijua inakuja, sisi tunajua, mtoto wa chuoni anajua. Ikifika Mei bahari imechafuka, vyombo vidogo havitoki nje ya mlango, wageni wamepungua, na wakati huo huo shule zinafungua muhula wa pili na karo inatakiwa. Kila mwaka! Halafu kila mwaka mwezi wa Juni tunakutana barabara ya pwani tunaambiana "mambo yamebana", kana kwamba limetuangukia jambo jipya. Hili ndilo linalonikera, na niwieni radhi nikipaza sauti.

Chukueni kalamu. Tuseme mtu akishatoa mafuta, barafu na fungu la chombo, anabaki na shilingi 30,000 kwa mwezi katika miezi mitano ya kaskazi, msimu wa bahari shwari. Hiyo ni 150,000. Kusi na miezi inayofuatia, miezi saba, anapata 9,000 kwa mwezi. Hiyo ni 63,000. Jumla ya mwaka ni 213,000. Gawanya kwa 12 utapata 17,750. Basi huyu ni mtu wa 17,000 kwa mwezi. Si mtu wa 30,000, hata Januari akizishika mkononi. Akila 17,000 kaskazi, anaweka 13,000 kila mwezi, na ikimalizika ana 65,000. Kusi anapungukiwa 8,000 kila mwezi, kwa miezi saba ni 56,000. Anazichukua kwenye akiba yake mwenyewe, hakopi, na bado zimesalia 9,000 za kupunguzia deni la zamani. Mapato ni yale yale, hakuongezewa hata samaki mmoja.

Najua kuna mtu anasema moyoni, huyu anatupangia riziki, na riziki iko kwa Mwenyezi Mungu. Naam, iko kwake. Na ni yeye aliyetusimulia habari za Nabii Yusuf, alayhi salaam. Mfalme aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda, na tafsiri ikawa miaka saba ya neema kisha miaka saba ya dhiki. Je, Yusuf aliwaambia wangoje, Mungu atajua? Aliwaambia walime, na watakachovuna wakiache katika masuke yake, isipokuwa kidogo wanachokula. Isomeni Sura Yusuf, aya ya 47 na 48. Mtume wa Mungu aliweka bajeti ya miaka 14, msimu wa neema ukalisha msimu wa dhiki. Sisi tunaombwa miezi 12 tu, tena dhiki yetu tunaijua tarehe zake. Kwa hiyo hoja ya riziki naomba nisiisikie tena katika ukumbi huu.

Kuna hoja nyingine, na hii naiheshimu zaidi. Mtu anasema, mapato yangu hayatoshi, utanipunguzia nini? Nile nini niache nini? Ni kweli, kuna nyumba hapa Lamu ambazo hata ukiziandikia bajeti kwa wino wa dhahabu, hesabu haifungi. Hao wanastahili kusaidiwa. Wadaiwa wametajwa wazi katika makundi manane ya wanaopewa zaka, na wenye kutoa zaka mlioko hapa mlikumbuke kundi hilo. Lakini nyumba nyingi zinazoniambia hazina cha kupunguza hazijaandika. Hawajui. Na ile aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani nzima, Al-Baqara 282, inahusu deni, na amri yake ya kwanza ni kuandika.

Kuna nyumba moja, sitawataja wala sitataja mtaa wao, wameniruhusu kuwasimulia. Mume ni nahodha wa chombo cha uvuvi. Alikuja akaniambia anadaiwa 41,000: 35,000 za tajiri, yaani mnunuzi wa samaki wake aliyemkopesha, na 6,000 za mikopo ya simu. Nikamwambia sawa, kesho njoo na mkeo. Akaguna. Nikamwambia bila yeye hatuandiki.

Walikuja. Mama yule akafungua fundo la leso, akatoa vikaratasi. Dukani 14,600. Kwenye chama cha akina mama 8,000. Kwa dada yake 10,000, zile za matibabu ya mtoto. Mume akamtazama. "Mbona hukunambia?" Mama akasema, "Ungenambia lako ningekwambia langu." Basi. Deni la nyumba ile lilikuwa 73,600, na mwenye nyumba alikuwa anapambana na 41,000.

Kisha tukaenda kuliomba daftari la dukani. Mwenye duka ni muungwana, akatupa tukae nalo kizingitini. Daftari lina jalada jekundu, kona zimejikunja, kurasa zimeshika mafuta. Mume alikuwa tayari amekwisha kuhukumu, anangojea kuona vipodozi na mambo ya akina mama. Tukasoma. Sukari robo, 45. Majani ya chai, 10. Mafuta ya kupikia, kipimo cha 30. Kiberiti. Unga nusu. Kredo ya simu, 20. Siku ya pili sukari robo, 45. Kredo, 20. Siku ya nne sukari robo, 45. Kurasa na kurasa, hakuna kitu cha anasa hata kimoja, isipokuwa sigara mbili mbili ambazo watoto walikuwa wakitumwa jioni, na hizo si za mama.

Sasa hesabuni. Robo nne kwa 45 ni 180. Kilo nzima, duka hilo hilo, rafu hiyo hiyo, ilikuwa 160. Kila kilo ya sukari wamelipa 20 zaidi, na mafuta vivyo hivyo, na unga vivyo hivyo. Kredo ya 20 kila siku ni 600 kwa mwezi, na haimo katika fikra za mtu yeyote, kwa sababu nani anaikumbuka ishirini? Nyumba ile haikuwa na israfu. Ilikuwa inanunua kidogo kidogo, na anayenunua kidogo kidogo analipa ghali kuliko mtu yeyote katika mji. Ananunua hivyo kwa sababu hana pesa za kilo nzima leo. Lakini alikuwa nazo Januari! Hapa ndipo Yusuf anaporudi. Kupunguza gharama, kwa nyumba kama hii, hakukuwa kuwaambia watoto wanywe chai kavu. Kulikuwa kununua gunia la mchele, dumu la mafuta na sukari ya kutosha kaskazi pesa zipo, vikae stoo, viliwe kusi. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na mahali pa kuweka chakula cha msimu. Leo mahali hapo tumeweka televisheni.

Walifanya mambo mawili. Kwanza, daftari lilifungwa. Hawakusubiri kulimaliza deni ndipo waache kukopa, waliacha kukopa siku ile, wakawa wananunua kwa walichonacho, hata kama ni kidogo. Anayelipa deni la dukani huku anaandikisha jingine anachimba shimo hapa kufukia lile. Pili, waliahidiana na mwenye duka 500 kila wiki, si zaidi, kwa sababu ahadi kubwa huvunjika, na mtu akivunja ahadi huanza kupita njia ya nyuma. Kwa mwendo ule ni kama miezi saba. Mwenye duka alikubali papo hapo. Wengi hukubali ukienda mwenyewe kabla hajakutafuta. Na wanaodai mlioko hapa, Al-Baqara 280 mnaijua: akiwa na dhiki, apewe muda mpaka afarijike.

Sasa nije kwa tajiri, na hapa naomba masikio ya wavuvi. Simtukani tajiri. Yeye ndiye aliyenunua mashine mlipokuwa hamna, yeye ndiye mwenye barafu, na benki haikuja Faza kukupa nyavu. Lakini lipigieni hesabu deni lake. Nahodha wetu alikuwa anauza samaki kwa tajiri kwa bei iliyopungua shilingi 50 kwa kilo kuliko wanavyouza wasiodaiwa. Kilo kumi kwa siku, fungu lake, ni 500. Siku ishirini za kutoka baharini ni 10,000. Chini ya miezi minne amekwisha kuzitoa 35,000 kwa njia ya bei, na deni kwenye karatasi bado ni 35,000 kamili. Anasema deni hili halina riba! Riba yake iko kwenye mizani. Kwa hiyo mtu akiniuliza aanze kulipa lipi, namwambia anza na linalokula zaidi, hata kama mwenyewe ni mpole na hakupigii simu. Akiba yote ya kaskazi ile, baada ya chakula cha kusi, ilikwenda kwa tajiri, na kila akipunguza anadai bei ya samaki ipande kidogo. Hilo la bei lizungumzeni mapema, tena mbele ya shahidi.

Muda unakimbia. Mikopo ya simu nitaipitia haraka. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Watu wakasema saba na nusu ni kidogo. Kwa 5,000 ni 375. Lakini ukilipa leo ukakopa tena kesho, mwaka mzima, kwa kiwango hicho umetoa 4,500, na zile 5,000 bado unadaiwa. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali uliozinduliwa Novemba 30 mwaka 2022, ni asilimia 8 kwa mwaka, siku 14. Kwa 1,000 ni kama shilingi tatu. Uhalali wake waulizeni masheikh, hapa mimi nasema hesabu tu: wanaotaja asilimia kwa mwezi na wanaotaja kwa mwaka hawazungumzi lugha moja, ulizeni kwanza. Na wale wanaotishwa na programu za mikopo kwamba watapigiwa simu ndugu zao wote, kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinakataza jambo hilo. Hifadhini ujumbe, shtakini.

Harusi nilitaka kuisema kwa kirefu na sitaweza. Nitasema hili tu: kijana asianze ndoa kwa deni la ngoma za siku saba, na wazazi wa msichana ndio wenye uwezo wa kulizuia jambo hilo kwa neno moja.

Na fidia. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wetu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari ya Lamu. Ni haki yao kabisa. Lakini hukumu si pesa, na malipo yalichukua miaka. Msikopee pesa iliyo mahakamani, wala iliyo kwenye ahadi ya mwanasiasa, wala ya shamba ambalo halijauzwa.

La mwisho, na hili ni kwa wanaume. Mtu akifa, mirathi haigawanywi mpaka deni lilipwe. Sura An-Nisaa imesema, mnajua. Mkeo na wanao watakuja kuulizwa madeni wasiyoyajua, na watu wengine watadai yasiyokuwepo. Daftari la nyumba liandikwe na wote wawili, likae mahali wote wawili wanapajua.

Naona mwadhini ameshasimama. Baada ya magharibi nitakuwa hapa. Wavuvi wenye madeni ya tajiri njooni na karatasi zenu za mauzo ya samaki, mama zangu njooni na madaftari ya dukani. Wenye maduka pia njooni, nataka tukubaliane kiasi cha kulipa kwa wiki kabla kusi haijaingia.

Wassalamu alaykum.