Mnunuzi Aitwe Kabla ya Mafunzo

Ndugu viongozi wa vikundi, wakufunzi wenzangu, na akina mama mlioacha shughuli zenu kuja hapa, nawasalimu.

Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya kutengeneza bidhaa kwa taka za plastiki. Linaloniuma ni hili: mafunzo mengi yanaizoeza mikono vizuri, kisha yanamwacha mama na vikapu vimejaa uvunguni. Cheti anacho, wateja hana.

Nianze na plastiki yenyewe, maana hapo ndipo pesa inapoanza kupotea. Chupa ya maji ni plastiki iitwayo PET, na kifuniko chake ni plastiki ya aina nyingine kabisa. Vikateni vyote viwili vipande vidogo, mtie kwenye ndoo ya maji: vya chupa vitazama, vya kifuniko vitaelea. Mama akishalifanya zoezi hilo mwenyewe hatachanganya tena, na mzigo uliochanganywa ndio mnunuzi wa malighafi anaoushusha bei au kuukataa. Mfundisheni pia kusoma ile namba iliyo ndani ya pembetatu kwenye chombo: 1 ni PET, 2 ni plastiki ya madumu, 5 ni ya ndoo na vyombo vingi vya chakula.

Namba 3 ni PVC, plastiki ya mabomba. Hiyo isisogezwe motoni kabisa! Ikipata joto kali hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu, na ikiungua hutoa sumu ya dioksini. Kikundi kisicho na mtambo wa kudhibiti joto na njia salama ya kutolea moshi kibaki kwenye kazi ya mkono. Sikubali kuona mama akikoroga plastiki kwenye sufuria juu ya kuni huku ana mtoto mgongoni, hata kama kuna soko.

Kazi ya mkono inalipa ikifanywa kwa makini. Mwaka 1997, katika kijiji cha Njau nchini Gambia, Isatou Ceesay na wanawake wenzake walianza kukusanya mifuko iliyotupwa, wakaiosha, wakaikausha, wakaikata kuwa nyuzi na kufuma pochi. Hapo kwenye kukata pana ufundi ambao wengi wanaupita haraka. Mfuko unalazwa, unakunjwa, kisha unakatwa ukanda mmoja mrefu usiokatika. Ukanda ukiwa mwembamba hapa na mnene pale, pochi itapinda, na hata mfumaji hodari hataweza kuinyoosha. Mimi ningetoa siku nzima kwa mkasi tu kabla mtu hajashika sindano.

Halafu kuna suala la muda. Daftari la kikundi huandikwa uzi, zipu na nauli, kinachobaki kinaitwa faida. Saa za kuokota, kuosha na kuanika hazimo, kana kwamba muda wa mwanamke ni wa bure. Pochi ikila saa nane na kuuzwa kwa bei ya kazi ya saa mbili, huyo mama ameongezewa mzigo, hajainuliwa. Saa ya ukutani iwepo darasani tangu siku ya kwanza, na kila hatua iandikwe.

Ndiyo maana nasema mnunuzi aitwe kabla ya mafunzo. Mwenye duka aseme anataka ukubwa gani, mshikio wa namna gani, na aelezwe mapema kwamba mifuko iliyookotwa haitoi rangi moja kwa oda nzima. Mkubaliane mchanganyiko atakaoupokea. Anayenunua kwa huruma hununua mara moja. Anayenunua kwa sababu mshono haufumuki na zipu haikwami hurudi.

Wafadhili mliopo, nawaomba mfundishe wachache, kisha mrudi baada ya miezi mitatu mkague mauzo pamoja nao. Na fedha iliyotengwa kwa fulana za mafunzo inunue mizani na mikasi mizuri.