Chokaa Iliyoficha Kanisa la Vic

Nitaanza na chokaa, jinsi inavyotuhifadhia picha za kale kwenye kuta za makanisa, na walionisikia zamani wanivumilie, maana jambo hili bado halijaeleweka.

Kanisa la Mtakatifu Martin liko katika kijiji cha Vic, eneo la Berry, katikati ya Ufaransa. Ukipita njiani huwezi kuligeukia mara mbili. Kuta nene, ukumbi mmoja wa waumini, tao la kupitia kwenda altareni, basi. Ila katika karne ya 12 wachoraji walizijaza kuta zile picha kwa rangi za udongo: nyekundu, njano, nyeupe. Baadaye zikapakwa chokaa, zikasahaulika.

Mwaka 1849 padri wa kijiji akakuta rangi chini ya ile chokaa. Kijiji jirani cha Nohant alikuwa akiishi mwandishi George Sand, naye akalishikia bango suala hilo mpaka likamfikia Prosper Mérimée, mkaguzi mkuu wa majengo ya kale. Kanisa likapona.

Sasa nisikilizeni hapa. Nyuma ya altare imechorwa habari ya mwili wa Martin. Alifariki kijijini Candes mwaka 397, akiwa askofu wa mji wa Tours. Watu wa mji wa Poitiers wakaja: "Huyu ni mtawa wetu, alianzia kwetu." Watu wa Tours nao: "Ni askofu wetu, tunamzika sisi." Mlango ukafungwa, pande zote mbili zikakesha zikilinda maiti. Usiku wa manane wa Poitiers wakapitiwa na usingizi. Wa Tours wakaunyanyua mwili, wakaupitisha dirishani, wenzao wakaupokea nje, wakautia katika mashua. Wa Poitiers walishtushwa na nyimbo za wenzao mtoni, mashua imeshaondoka! Askofu Gregory wa Tours aliyaandika hayo katika karne ya 6, na fundi wa Vic akayaweka ukutani ili mkulima asiyejua kusoma ayaone: wamelala hawa, mwili unatoka dirishani. Nilisimama pale shingo juu hata nikasahau baridi.

Picha hiyo tunayo kwa sababu hakuna fundi aliyewahi kuja na patasi kuibandua lipu yote. Makanisa mengi ya vijijini Ufaransa hayakubahatika hivyo. Katika karne ya 19 na ya 20 watu waliyabandua lipu ndani ili mawe yaonekane, wakidhani huo ndio ukale wenyewe. Sio! Mjenzi wa zama zile aliyaficha mawe ya kujazia kwa lipu na kuyapaka rangi. Mtaniambia jiwe tupu linapendeza. Linapendeza, sikatai. Lakini aliyelibandua anajua alitupa nini kwenye toroli? Kilichopakwa juu kinaweza kuondolewa taratibu, kwa kisu kidogo, sentimita kwa sentimita. Kilichobanduliwa hakirudi.

Na saruji, jamani. Ukuta wa mawe na chokaa unapumua: unyevu unaingia, unyevu unatoka. Ukiuziba kwa saruji, maji yananasa ndani, chumvi inasukuma lipu kwa nyuma, na picha inaanza kudondoka vipandevipande. Mafundi wetu wa Lamu na Zanzibar wanaijua tabia hiyo ya chokaa vizuri sana. Hawahitaji mhadhara wangu.

Nilikuwa nimepanga kueleza paa, na pia sheria ya Ufaransa ya mwaka 1905 ya kutenganisha dini na serikali, ambayo baada yake makanisa ya zamani ya parokia yalibaki mali ya halmashauri za vijiji, kwa hiyo kijiji chenye watu wachache ndicho kinachobeba gharama ya kuta za miaka 800. Hilo peke yake lina siku yake. Mwenyekiti ameshanionesha saa.

Naomba taa zizimwe. Picha hii ni ya ukuta wa Vic, busu la Yuda. Angalieni mikono ya askari kwanza, halafu niulizeni.