Kutoa Upepo kwenye Breki za Pikapu, Nyumbani

SALMA: Karibuni. Leo tuko chini ya pikapu, tunatoa upepo kwenye breki. Mwenye lori kubwa la breki za upepo atusamehe, mfumo wake ni mwingine kabisa. Kaka Juma, mtu anajuaje kwamba breki zimeingia upepo?

JUMA: Pedali inakuwa laini, unakanyaga kama sponji. Mafuta ya breki hayabonyei, upepo unabonyea, kwa hiyo mguu unasafiri mbali kabla tairi halijashikwa. Ila ukikanyaga ukashikilia, na pedali ikaendelea kuzama polepole, usihangaike na upepo. Hapo kuna mahali panavuja, au masta silinda, ile pampu inayosukuma mafuta ukikanyaga pedali, imechoka ndani.

SALMA: Haya, vifaa.

JUMA: Spana ringi inayokaa sawasawa kwenye nipeli, ile skrubu ndogo ya kutolea upepo kwenye breki ya kila tairi, mpira mwembamba unaoonesha ndani, chupa, na mafuta mapya ambayo hayajafunguliwa. DOT 3 au DOT 4, hizo ni daraja za mafuta ya breki, fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Na spana ya kubahatisha itakula kona za nipeli, hasa ikiwa na kutu. Ipulizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi.

SALMA: Mimi najua ile ya watu wawili. Mmoja kwenye pedali, mwingine chini.

JUMA: Haina gharama, na inafanya kazi. Wa juu anakanyaga, anasema “nimeshikilia”. Wa chini analegeza nipeli robo mzunguko, anaona mapovu yanapita kwenye mpira, anafunga, ndipo anasema “achia”. Mguu ukiinuka kabla nipeli haijafungwa, upepo unarudi ndani.

SALMA: Hapo ndipo ndoa huvunjika.

JUMA: (anacheka) Na kwenye gari la zamani, weka kipande cha mbao chini ya pedali. Ukikanyaga hadi sakafuni, mipira ya masta silinda inapita sehemu ambayo haijazoea, yenye kutu na uchafu, inachanika.

SALMA: Aliye peke yake?

JUMA: Kuna pampu ya kuvuta kwenye nipeli. Tatizo lake, inavuta hewa kupitia nyuzi za nipeli, unaona mapovu yasiyoisha, kumbe ndani ni safi. Mimi napenda ya kusukuma, inayofungwa juu ya kopo la mafuta ya breki. Shinikizo la psi 10 hadi 15 linatosha.

SALMA: Unaanzia tairi gani?

JUMA: Kwa kawaida la mbali zaidi na masta silinda, ingawa kitabu cha gari ndicho chenye kauli. Kila baada ya muda chungulia kopo. Likikauka, umeanza upya. Gari lenye ABS, mfumo wa kuzuia tairi zisijifunge, likivuta upepo hadi kwenye moduli yake, huenda likahitaji mashine ya kompyuta ya kupima gari ili kuutoa.

SALMA: Kwenye tairi za nyuma mafuta yanatoka matone tu. Nipeli imeziba?

JUMA: Pengine, lakini tazama kwanza juu ya ekseli. Pikapu nyingi zina vali inayopima mzigo, imeungwa na ekseli kwa mkono mdogo. Ukiinua gari kwa chesisi, ekseli ikaning'inia, vali inadhani gari ni tupu na inabana mafuta ya nyuma. Weka stendi chini ya ekseli yenyewe ili springi zibebe uzito. Watu wanabadilisha masta silinda nzima kwa ajili ya hilo!

SALMA: Mafuta ya breki yakimwagika kwenye rangi ya gari?

JUMA: Maji mengi, papo hapo. Yanakula rangi. Kabla ya kutoka, washa injini, kanyaga kwa nguvu, mwenzako akague kila nipeli.

SALMA: Na yaliyotoka kwenye mpira, yanaonekana masafi. Nirudishe?

JUMA: Hapana, dada. Yameshavuta unyevu, na unyevu unashusha joto la kuchemka. DOT 3 mpya huvumilia angalau nyuzi joto 205 za Selsiasi kabla ya kuchemka, ikishaingia maji kiwango ni 140. Yatie kwenye chupa, andika ni nini, watoto wasiifikie.